Leonsia na Basi Lililopanda Mgongo wa Kiboko

Jumamosi, Novemba 13, 1976. Manyunyu yalianza kuanguka Mwanza kabla ya adhana ya alfajiri, na sasa kunapopambazuka bado yanashuka, mepesi na ya upole, kama unga unaopepetwa kwenye ungo. Mawe makubwa ya mjini yamelowa na kuwa meusi. Ziwa halionekani. Linasikika tu, kila kivuko cha kwenda Sengerema kinapopiga honi ndani ya ukungu.

Katika yadi ya shirika la mabasi ya mji, jirani na Mirongo, Leonsia Kemilembe anafuta viti vya basi namba tisa. Ni kondakta, ana miaka thelathini na mitatu, mwembamba, na sare yake ya kaki imepigwa pasi hadi mikunjo imesimama. Begani ana mkoba wa ngozi wa tiketi. Mfukoni ana rozari. Anafuta kiti kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu, na kila anapohamia kingine midomo yake inacheza.

"Unaviombea viti, dada Leonsia?" anauliza dereva wake, Yunus Jumbe, akichungulia mlangoni.

"Nawaombea watakaovikalia."

"Basi anza na cha kwangu. Cha kwangu ndicho chenye kazi leo."

"Chako nimekiombea tangu jana, kaka Yunus. Kile kinahitaji siku mbili."

Jumbe anacheka mpaka kofia inamteleza. Ni mtoto wa Mirongo, marehemu baba yake alikuwa fundi bati, na yeye mwenyewe aliendesha malori ya pamba tangu ndevu zake zilipokuwa nyeusi. Lakini akishamaliza kucheka anazunguka basi polepole, anaipiga teke kila tairi, anainama kutazama chini. Leo hata yeye hana utani mwingi.

Kwa maana hii si safari ya kawaida. Basi namba tisa linakwenda Buswelu, mashariki ya mji, ambako basi la abiria halijawahi kufika. Likifika, Buswelu itaingia katika njia mpya za shirika. Lisipofika, nafasi hiyo itapewa watu wengine, na Leonsia Kemilembe, mkazi wa Buswelu, ataacha kazi mwisho wa mwezi huu.

Leonsia alizaliwa Kamachumu, Mkoa wa Ziwa Magharibi, kati ya migomba na kahawa. Mume wake, Ndalahwa, ni Msukuma na mkulima wa pamba. Walikutana kwenye meli kutoka Bukoba.

"Yeye alikuwa na kuku, mimi nilikuwa na mkungu wa ndizi," anasimulia. "Kuku wake akala ndizi zangu mbivu. Akaniomba radhi. Aliniomba radhi kwa muda mrefu sana, mpaka tukafunga ndoa."

Mwaka 1974 familia yao ilihamia katika kijiji kipya cha Buswelu pamoja na wengine. Nyumba zilijengwa kwa mistari, shamba la pamba la ushirika likalimwa, darasa la elimu ya watu wazima likafunguliwa chini ya mwembe wa shule. Leonsia, aliyekuwa ameishia darasa la nne, alikaa kwenye benchi lile jioni baada ya jioni akiwa na mtoto wake Josephat mapajani. Shirika la mabasi lilipotangaza kazi za makondakta wanawake, aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe. Akachukuliwa.

Mshahara wake ni shilingi mia nne na kidogo kwa mwezi. Kwa nyumba ya mkulima ni baraka. Lakini baraka hiyo ina miguu, na miguu yenyewe ni ya Leonsia.

Jogoo la kwanza humkuta njiani. Kutoka Buswelu hadi Nyakato hakuna gari, ni njia ya ng'ombe. Nyakato ndiko anakopata basi la kwanza la kwenda mjini kuanza kazi.

"Rozari ya kwanza nasali mpaka mtoni," anasema. "Ya pili mpaka Nyakato. Nikimaliza ya pili kabla sijaona taa za basi, najua nimechelewa. Na fisi je? Fisi wa njia ile wamenizoea. Wananiona mfanyakazi mwenzao."

Masika yaliyopita mto ulijaa mara nyingi, naye akachelewa mara nyingi. Aliitwa ofisini akaonywa. Akaonywa tena. Mwishoni meneja, ndugu Apolinary Mutayoba, alimwambia achague moja: ahamie mjini au aiache kazi, na uamuzi uwe umefanyika ifikapo mwisho wa Novemba.

"Mume wangu ana zamu yake kwenye shamba la kijiji. Mama mkwe wangu ana ng'ombe, na ndiye anayenilelea mtoto. Niwahame niende wapi?" anauliza Leonsia. "Lakini nitasema kweli. Kilichoniuma zaidi si miguu. Ni kwamba kutwa nzima nakata tiketi za watu. Nyegezi, haya! Igoma, haya! Kirumba, haya! Halafu jioni narudi kwetu, namkuta mgonjwa amebebwa kitandani na wanaume wanne. Mimi kondakta, na kwetu hakuna basi."

Kwa hiyo katika mkutano wa wafanyakazi, mwezi wa Agosti, Leonsia alisimama. Meneja alikuwa akieleza mpango wa upanuzi. Shirika lina mabasi kumi na manne, tisa yanatembea na matano yanangoja vipuri. Mabasi mengine manne yameahidiwa, na yakija zitafunguliwa njia mpya. Tatu zilikuwa zimeshapangwa. Moja ilikuwa bado.

"Ndugu Meneja," alisema Leonsia, "hiyo moja ipelekwe Buswelu."

Mutayoba naye ni mtu wa Ziwa Magharibi. Wenzake Leonsia wakatazamana, wengine wakaguna, wakidhani watasikia lugha ya nyumbani. Hawakuisikia.

"Kwa sababu ni wa kwetu alinikazia mara mbili," anasema Leonsia, bila kinyongo.

Meneja mwenyewe hakatai. "Basi ni mali ya wananchi wote," anaeleza. "Nikilipeleka penye njia mbovu likavunjika ekseli, nimewanyima watu wa Nyegezi. Siku ile nilimwuliza swali moja tu: Buswelu barabara iko wapi?"

"Ukumbi ulicheka," anakumbuka Leonsia. "Nami nikajibu, itakuwepo."

Meneja akatoa sharti. Kabla ya kuingia Buswelu kuna mwinuko wa jiwe na udongo unaoitwa Mgongo wa Kiboko, kwa jinsi ulivyovimba na kuteleza. Basi lipande Mgongo wa Kiboko likiwa limejaa abiria, kwa nguvu zake lenyewe. "Basi linalosukumwa ni mkokoteni," alisema.

Leonsia alirudi Buswelu na neno hilo.

Anayewajua Wasukuma anawajua Wagika na Wagalu. Ni makundi mawili ya ngoma, ya tangu enzi za mababu, na kila ukoo una upande wake. Hushindana kucheza, na hushindana kulima. Ngoma ya Wagika ikilia shambani, Wagalu hawalali mpaka wamelima zaidi. Hapo Buswelu, Wagalu wanaongozwa na Bibi Nkwimba, mama mkwe wake Leonsia, mwanamke wa miaka sabini mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Wagika wanaongozwa na mzee Chenge, balozi wa nyumba kumi, mrefu, mwenye madaha.

Kutoka Nyakato hadi mtoni ni tambarare, palihitaji kufyekwa tu. Sehemu iliyobaki kijiji kiliigawa. Kutoka mtoni hadi nusu ya mwinuko wakapewa Wagalu. Kutoka hapo hadi kileleni wakapewa Wagika. Jembe likalia Septemba nzima na Oktoba yote. Visiki viling'olewa. Mawe yalipashwa moto kwa kuni, yakamwagiwa maji, yakapasuka. Waliopita pale wanasema ngoma zilisikika mpaka Nyakato, moja ikiijibu nyingine kwa matusi ya kirafiki.

Na Leonsia ndiye aliyewatia moyo. "Niliwaambia, basi hili tulipokee kama bibi harusi. Bibi harusi hapitishwi kwenye vichaka." Anatikisa kichwa. "Wakanisikia. Loo, wakanisikia kwa moyo wote."

Ijumaa alilala mjini, kwa rafiki yake Zakia wa Mirongo, ili awahi safari. Hakuona walichokifanya wenzake mchana wa siku hiyo.

Basi liliondoka yadini saa mbili asubuhi. Mbele alikaa meneja Mutayoba, mwavuli kati ya magoti. Nyuma walikaa wafanyakazi wachache na wasafiri wa Buswelu waliolidandia Nyakato kwa furaha ya kuwa wa kwanza, hata likajaa. Mtoni walivuka bila shida, maana Wagalu walikuwa wametandika mawe bapa. Watoto walikimbia kando ya basi wakipiga kelele. Kina mama walisimama wametulia, mikono vifuani, wakilitazama kama watu watazamavyo mvua ya kwanza.

Kisha mwinuko ukatokea mbele yao.

Jumbe alisimamisha basi. Akafuta kioo kwa kiganja. "Dada Leonsia," akasema, "hebu njoo uone. Hii ni barabara au ni sebule?"

Barabara iling'aa. Kutoka chini hadi juu ilikuwa laini, ya rangi moja, bila unyasi, bila kokoto, na kingo zake zimechorwa mistari kwa vidole. Wagalu, wakitaka sehemu yao ipendeze kuliko ya Wagika, walikuwa wameisiriba kwa samadi ya ng'ombe na udongo mfinyanzi, kama wanawake wanavyosiriba ua kabla ya harusi au uwanja wa kupuria mtama. Wagika walipoona hivyo, wakasiriba yao pia, wakaongeza majivu ili ing'ae zaidi. Jua la Ijumaa lilikausha kazi yao ikawa ngumu na nzuri kama chungu. Halafu alfajiri yakaja manyunyu.

"Mungu wangu," alisema Leonsia, akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Kileleni watu walikuwa wamejaa, ngoma tayari. Hapakuwa na namna ya kurudi. Jumbe alisema bismillahi, akaingiza gia, akaanza kupanda.

Basi lilipanda vizuri kwa Wagalu. Likafika katikati. Likaingia kwa Wagika, kwenye majivu, na hapo magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, yakirusha tope kama ng'ombe aliyekasirika. Injini ilinguruma. Basi lilisimama palepale. Kisha, polepole sana, huku watu wote wakiona na hakuna aliyeweza kufanya lolote, likaanza kurudi nyuma. Jumbe hakukanyaga breki. Alizungusha usukani, akaliacha lijilaze ubavu kwenye mtaro laini wa upande wa kulia, likatua hapo kama tembo aliyechoka. Abiria walitoka, na hakuumia mtu hata mmoja.

Ngoma zilinyamaza. 

Bibi Nkwimba ndiye aliyeanza. "Kwenu ndiko lilikokwama, Chenge! Kwetu lilipita kama mkuki!"

"Nani alianza kusiriba?" alijibu mzee Chenge kutoka juu. "Nani? Barabara inapakwa kinyesi kama kizingiti cha mchumba!"

"Na wewe ukaongeza majivu! Ulikuwa unapika mboga?"

Vijana wa pande zote mbili walianza kusogeleana. Ndalahwa, mume wa Leonsia, aliingia kati ameshika jembe kwa kulilaza, akiomba watulie. Meneja Mutayoba alikuwa ameshuka na kusimama chini ya mwavuli wake, viatu vimezama topeni.

"Nasikitika, ndugu Leonsia," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikitika kweli. "Nimeona kazi yenu. Nimeona nia. Lakini umeona mwenyewe."

Leonsia aliurekebisha mkoba begani. Alitembea mpaka katikati ya mwinuko, akateleza, akapiga goti, akainuka na tope hadi kwenye mkoba. Hapo alisimama kati ya makundi mawili.

"Msigombane," alisema. "Mimi ndiye niliyesema bibi harusi. Mlifanya nilichosema. Hakuna mji wowote duniani uliolipokea basi hivi." Kisha akageukia upande wa pili. "Hakuna mji uliolipenda basi hivi."

 Bibi Nkwimba alimtazama mkwewe, tope magotini, akakunja uso kama mtu anayetaka kulia na hataki kuonekana.

Jumbe ndiye aliyetoka kwenye basi akiwa na neno. "Jamani, gari halina ugonjwa," alisema. "Ugonjwa wake ni kuteleza. Kwangueni mapambo yenu mniletee mchanga, ule mnene wa mtoni, wenye meno. Ndugu Meneja, sharti ulisema lipande. Hukusema lipande mara ya kwanza."

Mutayoba alimtazama dereva wake. Akamtazama Leonsia. Akafunga mwavuli.

"Sikusema," alikubali.

Kwanza basi lilipaswa kutolewa mtaroni. Kamba ya ng'ombe ililetwa, nene kama mkono. Na hapa wazee wa Buswelu wanakiri jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Wagika na Wagalu hawashiki kamba moja. Hawachezi duara moja, hawaimbi wimbo mmoja, na ngoma zao hazipigwi mdundo mmoja, kwani kufanya hivyo ni kukubali kwamba umeshindwa.

Mzee Chenge alishuka kutoka kileleni akiwa na ngoma yake. Akaiweka chini, kando ya ngoma ya Wagalu.

"Anza wewe, Nkwimba," alisema. "Mimi nitafuata."

Bibi Nkwimba alianza. Sauti yake ilipanda peke yake katika manyunyu, na ngoma ya Wagalu ikaipokea. Kisha ya Wagika ikaingia, ikitafuta mahali pake, ikikosea, ikipata. Zilipolingana, ardhi ilitetemeka chini ya nyayo. Mikono zaidi ya mia ilishika kamba moja. Walivuta mara moja, mara mbili, na basi likatoka mtaroni likiwa jepesi kama mtumbwi unaosukumwa majini, likashushwa hadi chini ya mwinuko.

Leonsia anasema alijikuta amepiga ishara ya msalaba bila kujua. Jumbe, kando yake, alikuwa ameinua viganja.

Kisha majembe yakapanda. Wanawake waliosiriba kwa vidole vyao, mstari kwa mstari, sasa waliikwangua kazi yao wenyewe. Wengine walibeba mchanga wa mtoni kwa vikapu, kwa ndoo, kwa khanga zilizofungwa pembe. Haikuulizwa tena mpaka wa nani uko wapi. Meneja Mutayoba aliweka mwavuli wake ndani ya basi, akakunja mikono ya shati, akapokea kikapu kutoka kwa msichana mmoja, akakipeleka juu. Mtu fulani alisema, "Meneja naye ni Mgalu," na Wagika wakadai haraka kwamba amebeba kwa mtindo wao.

Adhuhuri ilipokaribia, mvua ilikatika. Mgongo wa Kiboko haukuwa mzuri tena. Ulikuwa wa kijivu, wenye mikwaruzo, wenye mchanga unaouma nyayo. Jumbe aliukanyaga kwa kisigino, akausugua, akatabasamu.

"Sasa hii ni barabara," alisema.

Ilibaki jambo moja. Sharti lilikuwa basi liwe limejaa, na hakuna aliyetaka kuingia. Wote walikuwa wameliona likirudi nyuma. Kina baba walitazama mawingu. Kina mama walivuta watoto wao karibu.

Leonsia alifuta tope kwenye mkoba wake. Akapanda ngazi ya mlango, akashika chuma, akajinyoosha nje kama anavyofanya kila siku kituoni, na kuita kwa sauti ya kazi.

"Buswelu! Buswelu, twende! Nafasi zipo, siti zipo! Mama na mtoto mbele! Buswelu hii, haisubiri!"

Watu walicheka, lakini miguu haikusogea.

Bibi Nkwimba alijifunga khanga upya kiunoni. "Shika fimbo yangu, Mama Josephat," alimwambia mkwewe. Akapanda. Alipofika ndani aliuliza kiti cha meneja ni kipi, akaonyeshwa, na kwa kuwa meneja alikwisha kurudi kukikalia, akakaa pembeni yake.

"Shikamoo, bibi," alisema Mutayoba.

"Marahaba, mwanangu. Unaogopa?"

"Kidogo."

"Nishike mkono."

Baada ya hapo walipanda wote. Mzee Chenge alipanda na ngoma yake. Walijaa kwenye viti, wakajaa kwenye njia ya katikati, mpaka Leonsia akalazimika kusimama kwenye ngazi ya mwisho. Ndalahwa alibaki nje amempakata Josephat, akiwatazama.

Leonsia alitia mkono mfukoni akaigusa rozari. Kisha akainua mkono mwingine na kupiga kengele mara mbili.

Basi lilianza kupanda.

Walioshuhudia wanasimulia kimya chake zaidi kuliko kelele. Hapakuwa na wimbo, hapakuwa na ngoma. Watu walioko nje walitembea kando ya basi, hatua kwa hatua nalo, mikono imenyooshwa bila kuligusa, kwa sababu kuligusa kungekuwa kulisukuma. Mchanga ulisagika chini ya matairi. Lilifika katikati. Lilifika pale lilipokwama. Hapo lilitetemeka, na ndani yake watu wote waliomba pamoja, Mkristo na Mwislamu na yule anayewaomba mababu zake, kila mmoja akisema neno lake chini chini. Jumbe hakuongeza mafuta wala hakupunguza. Magurudumu yaliuma mchanga, na basi likaendelea.

"Nilikuwa mlangoni," anasema Leonsia. "Niliona jiwe likipita, na jiwe jingine, yanashuka moja moja. Nikajua sisi ndio tunaopanda. Nimepita njia ile kwa miguu gizani miaka miwili. Sikujua kwamba kutoka pale juu ziwa linaonekana."

Kwa kweli linaonekana. Basi lilipotokeza kileleni, ukungu ulikuwa umeondoka, na maji yote ya ghuba yalikuwa yamelala mbali chini ya jua, meupe. Hakuna aliyeshangilia mara moja. Abiria walishuka taratibu, mmoja mmoja, wakaligusa basi kwa viganja kana kwamba wanalisalimu. Bibi mmoja aliisikiliza injini kwa sikio lake. "Linapumua," alisema. Ndipo vigelegele vilipoanza.

Meneja Mutayoba aliombwa aseme neno.

"Ndugu wananchi," alianza, "nitawasilisha taarifa kwenye kamati ya uendeshaji, nayo kamati itakapokaa..."

"Kamati ni nani?" alikatiza Bibi Nkwimba. "Amekuja? Alishika kamba?"

Watu waliangua kicheko. Mzee Chenge alinyoosha mkono wakatulia. Alieleza kwamba hapo Buswelu, neno likitamkwa mbele ya ngoma za pande zote mbili, zikiwa kimya, halirudishwi. Zikaletwa ngoma mbili zikawekwa miguuni pa meneja.

Mutayoba alizitazama. Kisha alivua kofia yake.

"Kamati nitaieleza mimi," alisema. "Mabasi mapya yakifika, la kwanza ni la Buswelu. Na kabla hayajafika, kuanzia wiki ijayo, namba tisa litalala hapa kijijini ili liondoke na watu alfajiri. Nimesema mbele yenu. Nanyi semeni lenu. Barabara hii nani ataitunza?"

"Wagalu, chini!" alisema Bibi Nkwimba.

"Wagika, juu!" alisema mzee Chenge.

"Na hamtaisiriba tena?"

Wanawake walitazamana. "Hatutaisiriba," alisema Bibi Nkwimba. Akaongeza, "Labda kingo tu."

Hata Mutayoba alicheka. Jumbe alikuwa tayari amezungukwa na vijana wa pande zote mbili wanaogombania heshima ya kulilinda basi likilala, naye alikuwa akiwauliza ni upande upi unaopika vizuri zaidi.

Leonsia alikuwa amesimama ngazini, kofia imepinda, tope limemkaukia magotini. Josephat alikuwa amekwisha kuingia ndani na kukaa kiti cha mbele kabisa. Sasa mama yake haachi kazi. Basi likilala kijijini Jumatatu, Jumanne jogoo la kwanza litamkuta nyumbani.

"Na wewe, Mama Josephat?" aliita Bibi Nkwimba. "Wote tumesema. Wewe ndiye uliyemleta bibi harusi. Sema lako."

Ngoma zilikuwa bado kimya. Leonsia alinyoosha kofia yake, akawatazama: wanawake waliokuwa na mchanga mikononi, meneja na dereva, mume wake, na wazee wawili waliokaa karibu kuliko walivyowahi kukaa.

"Mimi naahidi hivi," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka watu wa mwisho. "Mungu akinijalia uzima, basi hili halitamwacha mtu wa Buswelu njiani. Nikimwona anakuja kutoka mbali, hata kama ni kizee na fimbo yake, hata kama mvua inanyesha na kaka Yunus ananguruma, sitapiga kengele mpaka mguu wake wa pili uwe ndani."